Egno Komba, Aliyesimama Katika Moshi wa Shamba

Marehemu Egno Komba alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 katika kijiji cha Mkongo, Songea, mwana wa pekee wa Mama Kolumba, mjane aliyefyeka msitu na kuuchoma ili apande ulezi.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1957, kisha akajifunza useremala kwa bruda mmoja wa Tirol, jimbo la milima huko Ulaya, aliyemfundisha na Kijerumani. Bruda hakuchoka kuitaja Brenner, njia ya kuvukia milima ya kwao. Jina hilo lilimkaa Egno kichwani.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Otilia. Mwaka 1982 walihamia London, wakakaa Hounslow. Egno alipakia mizigo uwanja wa ndege. Siku za mapumziko alishinda maktaba akitafuta asili ya jina lile. Brenner kwa Kijerumani ni mchomaji. Wapo walioandika kwamba jina lilitoka kwa kabila la kale, na wapo waliosema ni la mkulima mmoja tu. Egno alisimama na hawa wa pili.

"Huyo ni mtu kama mama," alimwambia Otilia jikoni. "Kachoma msitu, kapata shamba, watu wakapaita kwa jina lake."

"Na mimi nitachoma mchuzi kwa kukusikiliza," Otilia akamjibu.

Alijaza madaftari kumi na moja, akiueleza moto wa Tirol kwa moto wa Mkongo.

Binti yao Marcelina, aliyezaliwa mwaka 1983, aliyaomba madaftari hayo akiwa chuoni. Mwaka 2006 makala yake juu ya Brenner, iliyotoka katika madaftari hayo, ilichapwa kwa Kiingereza. Jina la baba halikuwamo. Jirani yao Geeta, mzaliwa wa Kisumu, alimfasiria Otilia mwanzo wake: "Nilisimama katika moshi wa shamba la bibi yangu." Akauliza, "Alikwenda lini huyu, dada?"

Hakwenda. Bibi alifariki mwaka 1979.

Egno alikuwa ameshaanza kuugua ini. "Madaftari, sawa," alimwambia binti yake. "Na mama yangu pia?"

Marcelina alijibu kwa Kiingereza kwamba ni mtindo tu wa kuandika. Egno akageukia ukutani. Otilia aliona kwamba tangu siku ile hakuitaja tena Brenner, hadi alipofariki hospitalini tarehe 12 Novemba 2007.

Ameacha mjane, Otilia, na binti, Marcelina, aliyeyarudisha madaftari juzi. Ndiye anayesoma wasifu huu. Mama yake alimwambia, "Ukifika hapa pa makala ukishindwa, ruka." Akajibu kwa Kiswahili, "Siruki, mama."

Mungu ampe pumziko Egno, mwana wa Kolumba. Ni yeye aliyesimama katika moshi ule.