Orodha Iliyosomwa Kanisani

Sabato njema, ndugu zangu. Mchungaji amenipa dakika kumi za kumshukuru Mungu. Nitamshukuru, lakini kwanza nitakasirika. Mwenye haraka ya chakula cha mchana avumilie.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa ngumbaru, yule anayefundisha akina mama kusoma Jumatano alasiri. Hamjui kwamba kwa miaka kumi na miwili nilijiita mpumbavu, kwa sababu ya jambo lililosemwa ndani ya kanisa hili.

Nilisoma shule ya misheni hapo chini, miaka ya mwisho kabla ya Uhuru. Darasa la nane tulikuwa wasichana watatu tu. Mwalimu wa uraia alikuwa kijana Mwingereza, soksi mpaka magotini, mtu mwema, simsemi vibaya. Alitufundisha Bunge la London: serikali upande huu, wapinzani ule, na Spika wa kuwanyamazisha wote. Tukapanga madawati vivyo hivyo, mimi nikawa kiongozi wa upinzani. Nilikuwa na mdomo, ndugu zangu, na bado ninao. Siku moja nikamuuliza, kwenu nani huchagua mtoto wa kwenda sekondari? Akasema, "Mtihani. Watoto wote huufanya wakiwa na miaka kumi na mmoja, wa tajiri na wa maskini. Mtihani haumjui baba yako." Nikalimeza neno hilo zima zima.

Nasi tukafanya wetu. Wazee mnakumbuka matokeo yalivyokuwa yakitoka siku hizo. Hayakubandikwa popote. Barua ilimfikia mwalimu mkuu, ambaye alikuwa pia mzee wa kanisa, naye alisimama hapa baada ya ibada akasoma majina ya walioitwa sekondari. Na kilichosomwa hapa nani angekiuliza? Ungeonekana unabishana na Biblia. Alisoma majina manne. Langu halikuwemo. Baba alikuwa benchi la tatu, amevaa koti la kuazima. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Basi, mama. Mungu ameona."

Mwaka haukuisha nikaolewa, hapo ng'ambo ya mto, karibu na Ekerenyo. Mume wangu hakuwa mbaya. Mbaya nilikuwa mimi. Nilichuma majani chai kwa hasira, nikapika kwa hasira, mama mkwe akinisalimu namjibu kama ninayetupa jiwe. Kama mtihani haumjui baba yangu, basi ulinijua mimi, na uliniona sifai. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka shambani huwa naketi chini. Binti yangu wa kwanza, akiwa darasa la tatu, alileta ripoti mbaya. Nikamwambia, "Kichwa chako ni kama changu. Hakuna kitu ndani." Nikamvua sare, nikamvisha kikapu cha chai mgongoni. Baba yake aliposema mtoto arudi shule, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Akakaa nyumbani miaka miwili. Miwili! Na aliyemfungia hakuwa mzungu wala chifu. Ni mimi mama yake.

Sasa sikieni. Jumapili moja nilikuwa namenya ndizi za kupika, redio ya mume wangu iko wazi, idhaa ya Kiswahili kutoka London. Mtangazaji akasema wanasiasa wa Uingereza wanagombana juu ya shule. Serikali ya chama cha wafanyakazi inataka ule mtihani wa miaka kumi na mmoja uondolewe, kwa kuwa watoto wa maskini wanaachwa nyuma na wa wenye nacho wanapenya. Wapinzani wao wanakataa. Nikaweka kisu chini. Ndugu zangu, nawaambia, niliwaka! Wenyewe wanaukana! Kumbe mtihani unamjua baba yako, na babu yako pia!

Mume wangu akauliza, "Sasa unagombana na redio?"

Nikamjibu, "Kesho naenda Kisii."

Kwenye ofisi ya elimu niliwekwa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane. Nilimwambia karani nataka kuziona alama zangu tu, nijue nilianguka vipi. Akacheka, kisha akanihurumia, akatoa daftari kubwa lililojaa vumbi. Akapitisha kidole, akasimama.

"Mama, nani alikwambia ulianguka? Wewe ulipita. Uliitwa shule ya bweni."

Kando ya jina langu paliandikwa hivi, na chini yake sahihi ya mwalimu mkuu: Mzazi amekataa, msichana anaolewa, nafasi apewe mwingine.

Baba yangu hakukataa. Baba yangu hakuulizwa! Lile koti aliliazima ili apendeze jina langu likisomwa.

Nilimwendea mzee yule, mwalimu mkuu. Alikuwa amestaafu, anaota jua mbele ya nyumba yake. Jina silitaji, na ninyi mnaogeuza shingo, acheni. Nikamwambia nilichokisoma. Hakukana. Nafasi yangu alimpa binti wa jamaa yake.

"Baba yako angetoa wapi karo?" akasema. "Na wewe ungeolewa tu. Si umeolewa?"

Akanikaribisha uji. Sikunywa.

Njia nzima nilimtukana. Huyu mtu alimkatia mtoto shauri bila kumuuliza! Nilipoufikia mto wetu, nikajigeukia mwenyewe. Binti yangu nilimuuliza lini? Hapo ndipo nililia, na si kwa ajili ya yule mzee.

Kesho yake nikamshika binti yangu mkono mpaka shuleni hapo chini. Aliwazidi wenzake kwa kichwa kizima, wakamwita bibi. Akavumilia. Nami katika mkutano wa wazazi nikasimama nikasema matokeo yabandikwe kwanza mlangoni pa ofisi, kila jina na alama zake, ndipo yasomwe kanisani. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, keti." Sikuketi. Tangu mwaka huo yanabandikwa.

Juzi ilikuwa zamu ya binti yangu yule yule, matokeo ya kwenda sekondari. Hakupata. Amekosa nafasi kwa alama tatu. Tulisimama mlangoni pale, tukazisoma mara mbili, tukalia. Kisha akajifuta uso akasema, "Mama, nitarudia darasa." Alama ni zake na uamuzi ni wake. Hicho ndicho mimi sikupewa.

Namshukuru yule karani aliyefungua daftari. Namshukuru mama mkwe, aliyechuma zamu yangu siku nilizokuwa nikizunguka maofisini, pamoja na jeuri yote niliyomfanyia. Namshukuru mume wangu na redio yake. Nanyi wazazi, jina la mtoto wako lisiposikika, simama uombe kuiona karatasi, hata kama anayesoma ameshika Biblia.

Mtaniuliza kama nimemsamehe yule mzee. Bado. Niombeeni, ndugu zangu, lakini msinisukume.