Eliya Benjamini Kapaya na Upepo wa Kigwa

Marehemu Eliya Benjamini Kapaya alizaliwa Igunga tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili wa mzee Benjamini Kapaya, mkulima wa pamba. Alisoma shule ya msingi huko huko na sekondari mjini Tabora.

Kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2018 alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, uwanja wa ndege wa Tabora. Kosa katika daftari hakulifuta. Alilipiga mstari mmoja na kutia sahihi pembeni, kosa likaendelea kusomeka.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Mwalimu Recheli katika Kanisa la Moravian. Waliishi Kanyenye.

Kuhusu moto wa Kigwa yamesemwa mengi. Tarehe 14 Agosti 2009 Mzee Nestory, mfuga nyuki wa kijiji cha Kigwa, alitaka kuchoma majani kuzunguka mizinga yake kabla ya moto mkubwa wa kiangazi. Alimuuliza marehemu upepo ungeelekea wapi. Marehemu alimjibu kwa kipimo cha puto, yaani upepo wa juu, ambao siku hiyo ulizunguka eneo la mgandamizo mdogo wa hewa ukifuata mistari ya ramani inayounganisha mahali penye mgandamizo sawa, ilivyojipinda. Chini, msuguano wa miti hupunguza kasi ya upepo, nao huikata mistari hiyo kuelekea kwenye mgandamizo mdogo. Moto ulikwenda na upepo wa chini, ukateketeza mizinga arobaini. Mjini ikasemwa alikuwa amelewa. Marehemu hakuwahi kuonja pombe.

Alimwambia mkewe, "Nilisahau miti." Mkewe alimsihi aseme kipimo kilikuwa kibovu. Asubuhi marehemu alipanda treni, na likizo yake yote akaimaliza Kigwa akichonga mizinga.

"Bwana Upepo," Mzee Nestory alimtania, "leo unatoka wapi?"

"Juu au chini, mzee?"

"Hapa nilipokaa."

Marehemu aliokota vumbi, akaliachia taratibu, ndipo akajibu.

Februari 2024 alipata kiharusi. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo alimwagiza mkewe aiandike habari ya Kigwa humu. "Usiifute, mama Yustina," alisema.

Ameacha mjane, watoto wawili, Yustina na Silasi, na wajukuu watano. Mzee Nestory yupo hapa, anaweza kuulizwa.

Kosa halikufutwa. Limepigwa mstari mmoja, na pembeni ipo sahihi ya mkewe.

Eliya, pumzika kwa amani.