Tableti Haina Meno

Pale Kitengela, ukipita duka la chakula cha mifugo, utaona benchi ya Wacuka muuza kahawa. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Hapo shida zote za nchi hii hutatuliwa kila siku, na kesho yake zinapatikana ziko pale pale. Jumamosi hiyo Mzee Kisemei, anayeitwa Chairman ingawa hakuna kamati yoyote inayomjua, alifika amenuna, akakaa upande wa tofali bila kusalimia mtu.

— Chairman, kuna ng'ombe imekufa? aliuliza Ndeti, fundi wa simu, jina la kijiweni Waya.

— Imeuzwa. Ile dume nyekundu. Niliipeleka soko ya Kiserian.

— Sasa si ucheke basi!

— Nicheke nini? Natafutia msichana wangu Naeku mashine ya kuchora. Kuna watu wa vitabu vya watoto wanataka michoro yake, lakini hawataki karatasi. Wanataka iingie kwa kompyuta, na mwisho ni Jumatatu. Nimeingia duka hapo juu, nimetoka mikono mitupu.

Hakuwaambia yote. Kwa miaka miwili alikuwa akimwambia binti yake kwamba kuchora ni kazi ya watu wasio na mifugo ya kuangalia. Siku moja hata aliapa kwamba kitabu chake cha michoro atakitumia kuwashia moto wa chai. Sasa watu wa vitabu wamempigia msichana simu, na mzee anataka kurekebisha mambo. Lakini asubuhi Naeku alipoomba waende dukani pamoja, alimkatiza: "Mimi nimechagua ng'ombe tangu kabla sijamwoa mama yako. Nitashindwa na kibao?" Na ameshindwa.

— Ulikosea wapi? Wangila akauliza. Huyu alikuwa karani miaka ishirini na sita, amestaafu, lakini jina la Karani limekataa kustaafu.

— Nilisema wanipatie tableti, kile kibao cha kuchorea, niinue. Bwana, imekonda! Nikaigonga ubavuni, hakuna kitu. Meno haina. Nikauliza ina miaka ngapi, yule msichana wa duka akasema ni mpya. Sasa kitu haijapitia kiangazi hata moja, utajuaje kama itaishi?

— Ungenunua skana, ile ya kuingiza karatasi kwa kompyuta, Karani akasema. Skana iko na mfuniko. Kitu yoyote ya maana lazima iko na mfuniko. Sufuria. Jeneza. Skana.

— Wee Karani, skana ni ya makaratasi ya shamba! Waya akaruka. Siku hizi ni tableti. Kuna ile haina kioo: unachora hapa chini, picha inatokea kule juu kwa kompyuta.

— Mkono hapa, picha kule? Kisemei akakunja uso. Na macho inakaa wapi?

— Kule.

— Hiyo ni ulevi.

— Na kalamu yake inajua nguvu, Chairman. Ukifinya, mstari inanona. Ukigusa kidogo, inakonda. Hata ukichora na hasira, inajua.

— Ehe! Karani akaweka kikombe chini. Ikijua hasira, inajua siri. Inazipeleka ng'ambo. Chora ng'ombe na hiyo kitu hapa Kitengela uone: wezi watajua rangi yake kabla wino haijakauka.

— Haina wino, Karani.

— Mnaona? Wino washaiba!

Wacuka alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kando yake alisimama Caren, mwanamke aliyehamia ploti ya nyuma wiki hiyo, ameshika kikombe chake mwenyewe.

— Pole kuingilia, wazee, akasema. Huyo msichana huchora kwa karatasi kwanza, ama anataka kuchorea huko ndani moja kwa moja? Mmeona michoro yake?

Wote wakamgeukia Kisemei.

Kisemei angeweza kukuambia ng'ombe gani wa jirani anachechemea mguu gani. Wake aliwajua hata gizani. Lakini kile kitabu cha jalada la buluu alikiona kikifungwa tu, kila alipoingia nyumbani. Hakujua ndani kuna mtu au mti. Aibu ilimshika. Akatoa simu.

— Naeku.

— Papa! Umenunua?

— Bado. Kuja hapa kwa Wacuka. Kuja na kile kitabu chako.

— Kitabu gani?

— Ya kuchora.

Sauti ya Naeku ikawa ndogo.

— Papa, unataka kuichoma?

Benchi nzima ilisikia. Wacuka akajifanya anatafuta sukari.

— Hapana, Kisemei akasema. Nataka kuiona. Halafu twende duka, wewe ndio utachagua. Mimi nitakubebea.

— Niko njiani, Papa.

Kisemei akainuka, akavua kofia, akapangusa nayo ule upande wa benchi wenye miguu ya mbao.

— Lakini bado mimi nasema, mfuniko... Karani akaanza.

— Karani, sogea. Mtoto wangu anakuja kukaa hapo.