Babu Maji Anaachia Kizibo cha Ndiva

Miaka ishirini na mbili Eliaichi Mgonja ameitumikia Bustani ya Watoto hapa Same mjini. Tarehe thelathini Juni anavua gambuti na kurudi kwao Mbaga. Kamati ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu aliyeanza naye kazi, na aliyebaki ni mimi tu, Zaituni wa jikoni, ninayewapikia watoto uji. Shule niliishia darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha redioni akafungue redio.

Eliaichi ni mtoto wa mzee aliyekuwa akigawa zamu za maji kule mlimani. Hapa aliajiriwa kufyeka majani na kufunga geti, basi. Bustani yenyewe ilikuwa bembea mbili, nyasi zilizoungua na jua, na kibao kinachokataza watoto kukanyaga nyasi. Niambieni ninyi mliosoma: bustani ya watoto, mtoto asikanyage, akae wapi, hewani? Eliaichi aliking'oa kile kibao wiki ya kwanza akakifanya mlango wa banda la kuku. Akaitwa ofisini, akaenda, akasemwa, akarudi kazini. Kibao hakikurudi.

Akaanza kuwaonyesha watoto vitu. Kinyonga ambaye ninyi watu wazima mnamkimbia, yeye alimweka kwenye fimbo ili mtoto aone jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma. Hakujifanya mwalimu. Akiulizwa asichokijua alijibu, "Sijui, tulale chini tuangalie," na kweli walilala kifudifudi, mzee na watoto, wakiwatazama siafu mpaka uji wangu unapoa. Kwa hilo nimemgombeza miaka yote na leo ninamgombeza tena.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni ndiva. Kwa wageni mliokuja leo: ndiva ni bwawa la udongo ambalo sisi Wapare tunalichimba kuhifadhi maji ya mfereji, halafu tunavuta kizibo na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Eliaichi alitaka watoto wawe na ndiva yao ndogo, wachimbe vifereji vyao, wamwagilie vibustani vyao vya mchicha, wagombane kuhusu zamu na wapatane wenyewe.

Alichimba kama wanavyochimba Mbaga, kwa majivuno yote ya watu wa mlimani. Jioni akaijaza. Asubuhi akawapanga watoto waone kizibo kikivutwa. Ndani hakukuwa na hata tone. Udongo wa huku chini ni kichanga, ulikuwa umeyanywa yote. Rodgers wa getini akasema, "Mzee, ndiva yako imekwenda Mbaga kusalimia." Tulicheka sana. Eliaichi hakucheka. Alikwenda nyumbani akarudi na pembe ya baba yake.

Kwetu pembe ikilia ni msaragambo, kila mtu anatoka na jembe kufanya kazi ya wote. Aliipuliza, na watoto wakaja mbio. Akamwaga udongo wa kichuguu mle shimoni, akautia maji, akawaambia waukanyage kwa miguu. Walikanyaga wakiimba, siku baada ya siku, wamekuwa wekundu mpaka masikioni. Mama zao walikuja juu kuhusu sare za shule, na mimi nilikuwa upande wa mama zao. Ndiva ikashika maji. Toka hapo watoto wakamwita Babu Maji.

Tangu siku hiyo, watoto wakiwa majini Eliaichi hakukaa. Mnaokuja hapa na watoto wenu halafu macho yenu yako kwenye simu, ninawaona, nisikilizeni vizuri: mzee huyu alikula ugali wake amesimama ukingoni. Ndiyo maana Agape alipoteleza, alishikwa mkono kabla hajameza maji mara ya pili. Agape siku hizi ni mtu mzima. Ndiye anayewasomea maneno haya, kwa sababu macho yangu hayafai. Acheni kumkodolea macho, anaona haya.

Kisha ukaja ukame, ule uliomaliza ng'ombe kule Kisiwani. Mabomba yakakauka, kina mama wakapanga ndoo barabarani tangu alfajiri, na huku ndani watoto wanachezea maji. Beatrice wa hapo ng'ambo ya barabara aliingia na ndoo yake tupu akaibwaga miguuni kwa Eliaichi. "We mzee una akili? Wa wenzangu wanaogelea, wa kwangu hajanawa uso!" Nilingojea amjibu, maana ulimi anao. Yeye aliziba vifereji vyote, akawapanga watoto mstari mmoja toka ndivani hadi barabarani, makopo yakapita mkono kwa mkono mpaka ndoo ya Beatrice ikajaa. Yalikuwa maji ya tope, lakini yalifua nguo na kunywesha mbuzi wa mtaa mzima. Watoto walinuna siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wanagombania nani asimame karibu na barabara.

Maji yakaisha, ndiva ikakauka na kupasuka kama kisigino. Mawingu yalipoanza kuonekana Eliaichi akapuliza pembe. Watoto walikuja, na nyuma yao walikuja kina mama wa ndoo, Beatrice mbele, kanga ameifunga magotini. Hakuomba radhi. Aliingia kwenye udongo akaanza kukanyaga. Mvua iliyokuja iliikuta ndiva iko tayari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limemnyima mzee huyu raha. Mwezi uliopita kamati iliamua kwamba Eliaichi akiondoka ndiva ifukiwe, kwa sababu hakuna mtu wa kusimama ukingoni. Hawakusema uongo. Maji yasiyo na mtu wa kuyaangalia yataua mtoto. Lile lundo la kifusi mlilolipita getini lililetwa kwa kazi hiyo. Eliaichi hakubishana, na mtu mbishi akinyamaza ujue ameumia. Alikuwa anakuja jikoni, anachukua kikombe cha uji, anasimama nacho mpaka unaganda, anakirudisha. Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema hana haja ya kitu.

Jumatatu Beatrice aliingia kwenye kikao bila kualikwa, na kina mama wa mtaa wamejaa mlangoni. Akawaambia, "Nyayo zetu zimo chini ya maji yale. Mnafukia nini?" Wamegawana zamu. Kila siku watoto wakiwepo atakuwepo mama mmoja ukingoni, amesimama, simu ameiacha nyumbani. Kamati imekubali, na mimi ninayeona kila kitu kutoka dirisha la jikoni nitawaambia kama kuna anayekaa. Kile kifusi kitaziba mashimo ya barabara.

Kwa hiyo leo, baada ya chakula, Eliaichi atamkabidhi Beatrice kizibo na pembe. Beatrice amejaribu kuipuliza wiki nzima nyuma ya nyumba yake na inalia kama ndama mgonjwa. Atajifunza.

Eliaichi, umewapa watoto wetu kitu cha kushika kwa mikono yao, na hakuna hata mmoja uliyemrudisha kwa mama yake akiwa amefunikwa shuka. Kwa hilo ahsante, na narudia, ahsante. Pembe ikilia leo usiinuke. Kuna mtu ukingoni. Nenda Mbaga, ukae kwenye kiti, unywe uji ungali wa moto, na Mungu akupe siku nyingi za miguu iliyokauka.