Risala kwa Meneja Ambaye Si Mwajiri Wetu

Mgeni rasmi, Bwana Kinuthia, meneja wa Letachap, na wenzetu wote mliofika: hamjambo.

MAKARIBISHO
Karibu Kapsoya. Tumefurahi kukuona kwa macho. Tulikuwa tunadhani meneja ni ule muziki wa simu unaotuambia tungoje.

HISTORIA YETU
Sisi tunapeleka chakula majumbani hapa Eldoret kwa pikipiki, kupitia app yako. Mlipotusajili mlisema sisi si wafanyakazi, ni "washirika". Tulipiga makofi. Baadaye ndio tulielewa: pikipiki ni yetu, mafuta ni yetu, ajali ni yetu; bei ndiyo yenu.

MAFANIKIO
Tuna makoti ya mvua yenye jina la kampuni. Makoti tulinunua wenyewe, lakini jina mlituwekea bure.

CHANGAMOTO
Mwezi wa nne, mwenzetu Nanzala aligongwa na lori la mahindi akipeleka oda. Mguu ukavunjika. Angali amelala kwenye lami, ofisi yako ikapiga simu yake. Mabonga, aliyefika wa kwanza, akaishika.

"Chakula kiko sawa?"

"Kimemwagika. Mtu ameumia!"

"Pole. Ni vile mteja anangoja."

Jioni hiyo app ikamfungia Nanzala akaunti kwa kuchelewesha oda. Tulipoleta bili ya hospitali ofisini, tukaambiwa mshirika hujitibu. Tulichanga sisi, na mama mboga wa steji tunapoegesha pikipiki, ambaye hana app, naye akachanga. Kisha Jumamosi saa ya lunch tukazima simu sote. Wateja wakapiga kelele mpaka Nairobi. Jumatatu akaunti ya Nanzala ikafunguliwa, yeye angali na plasta hadi pajani. Na wewe, mgeni rasmi, ukapata nafasi ya kututembelea. Asante.

MAOMBI
Tunaomba bima ya ajali, malipo yasiyopunguzwa kimyakimya, na binadamu wa kutusikiliza kabla mtu hajafungiwa. Nanzala ameketi hapo mbele na magongo yake. Pole amepewa za kutosha. Anataka umjibu jambo moja, sisi tukisikia: siku ile alipoanguka, alikuwa kazini kwa nani?

Tutangoja. Leo hakuna anayekimbilia oda.

Mungu akubariki, akurudishe nyumbani salama, na akuepushe na malori.

Ni sisi,
Umoja wa Wapeleka Chakula, Eldoret.
Imesomwa na Brigid Nabwire, katibu.