Bourse ya Binti Yangu na Viti vya Jirani

Ndugu zangu, kaeni. Habari yangu ya leo ni ya viti, kwa hiyo ni vizuri kila mtu awe amekalia chake.

Mnanijua kama mzee wa kanisa, yule anayesoma Neno polepole mpaka watoto wanasinzia. Zamani nilikuwa pia mtu wa ng'ombe. Nilikuwa nao kumi na wawili. Vita vilipofika kijijini tulikimbilia hapa Bunia, tukapanga nyumba ndogo huku mtaa wa Saio, na tangu hapo naishi kwa kushona viatu.

Binti yangu alipomaliza sekondari, alipokelewa kwenye chuo cha uuguzi. Tukaanza wimbo wa shukrani. Kisha tukasoma karatasi ya minerval, ile ada ya chuo, na wimbo ukakatika katikati.

"Baba, iko bourse," binti akasema. "Chuo kinasaidia watoto wenye wazazi hawana uwezo. Tujaze tu karatasi."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Mimi niliyewahubiria mara nyingi kwamba heri walio maskini, sikutaka kuitwa maskini kwa maandishi. Tena nilidhani bourse ni zawadi, na zawadi hupewa watu wa heshima. Nilipofika penye "mali ya familia", nikaandika kwa mwandiko mzuri: ng'ombe kumi na wawili.

Chuo kikajibu kwamba mama mmoja wa ofisi atakuja kuona hali ya nyumbani. Mke wangu akashika kichwa.

"Mugeni wa chuo atakaa wapi? Juu ya ndoo?"

Tukaazima. Jirani wa kulia alitupa viti vinne vyekundu vya mito. Jirani wa nyuma alitupa meza ya kioo, na wa mbele televisheni. Umeme wa kuiwasha hatukuwa nao, lakini ilipendeza. Hata samaki wa Kasenyi, kule ziwani, tuliwachukua kwa ahadi ya kulipa.

Mgeni akaja, akaketi, akatazama huku na huku, akaandika.

"Muzee, ng'ombe wako wapi?"

"Wako malishoni."

Msicheke. Walikwenda malishoni asubuhi ile ya vita, na hawajarudi mpaka leo.

Akafunga faili lake. "Basi hii familia inajiweza. Siye tunatafuta watu wenye hawana."

Binti yangu alikuwa mlangoni na sahani ya samaki. Machozi yakamtoka. Sitasema yaliangukia wapi, ila samaki wale hawakuhitaji chumvi tena. Nami badala ya kusema kweli nikampokea sahani.

Hapo Mungu akatuma malaika. Alikuwa amevaa kitenge na kubeba mtoto mgongoni: jirani wa kulia.

"Hodi! Muzee, munisamehe. Siye pia tumepata wageni. Naomba viti vyangu."

"Mama, ngoja kidogo," mke wangu akanong'ona.

"Kungoja namna gani? Wakwe zangu wako wamesimama inje!"

Mama wa ofisi alikuwa amekalia kimoja. Akainuka taratibu. Viti vikatoka, cha kwanza mpaka cha nne, tukabaki tumeizunguka meza kama watu wa maziko.

"Na hii meza, Muzee?" mama wa ofisi akauliza.

"Ya jirani wa nyuma."

"Televisheni?"

"Ya jirani wa mbele."

"Na ng'ombe?"

"Mama, sina ng'ombe. Walichukuliwa wakati wa vita. Sina hata kamba yao."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Weye Muzee! Bourse hapana zawadi ya wakubwa. Ni ya kuziba penye pamepungua. Ukificha tundu, tutaziba nini?"

Hapo mimi fundi viatu nikaelewa. Hakuna mteja anayeniletea kiatu amefunika palipotoboka.

Akaketi mkekani na kutufundisha. Bourse hairudishwi, lakini mtoto akizembea masomo anaipoteza. Mkopo unarudishwa, kwa hiyo uliza masharti kabla ya kutia sahihi. Minerval unaweza kuilipa vipande vipande, ukiomba mapema, kabla mtoto hajafukuzwa kwenye mtihani. Tena mwanafunzi anaweza kufanya kazi maktabani na kupunguziwa. Na yote hayo, ndugu zangu, yalikuwa yameandikwa nyuma ya ile karatasi. Sikuigeuza.

Tukajaza nyingine, ya kweli. Tulipata bourse ya nusu, tukaomba vipande kwa sehemu iliyobaki, na binti akapanga vitabu maktabani miaka mitatu. Leo ni muuguzi. Mwezi uliopita alinidunga sindano bila huruma yoyote.

Namshukuru mama yule wa ofisi, na mke wangu aliyenivumilia. Lakini zaidi namshukuru jirani wa kulia, aliyesema ukweli wangu kabla yangu. Wazazi wenzangu, geuzeni karatasi, someni nyuma, na andikeni mlicho nacho leo, si mlichokuwa nacho jana.

Karibuni nyumbani. Viti viko viwili, na vyote ni vyangu. Watakaozidi tutakaa nao mkekani. Mkiuliza ng'ombe, bado wako malishoni.