Upara wa Sargento

Siku ya maonyesho ya alpaka hapa Pukapampa, mkokoteni wangu wa emoliente nauegesha kando ya ukuta wa uwanja, upande usio na upepo, na benchi naliweka mbele yake. Shayiri inachemka, mbegu za kitani zinachemka, mteja anakamuliwa limau, anapata glasi ya moto na ruhusa ya kusema upuuzi mpaka glasi iishe. Wateja wangu wa kudumu hawamalizi glasi. Siku ile walikuja na nyuso za msibani, ingawa asubuhi hiyo hiyo Sargento, dume wa Fortunato Turpo, alikuwa amevishwa utepe wa ubingwa wa alpaka weupe. Jaji alimfunua sufu ubavuni kwa vidole viwili, akaita watu wasogee waone, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mawimbi laini namna ile hajayaona siku nyingi. Uwanja mzima ulipiga makofi. Sasa mnada umekaribia, na Fortunato amekaa kwenye benchi langu kashika kichwa.

— Upara, Mama Satu. Sargento ana upara.

— Wapi?

— Ubavuni! Pale pale jaji alipofunua. Nimetoa blanketi nimwandae kwa mnada, nakutana na ngozi, nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Nilimwonea huruma, maana asingeweza tu kumrudisha nyumbani. Majike vijana wote zizini kwa Fortunato ni mabinti wa Sargento mwenyewe. Miezi ya kupandisha imefika, na baba hapandishwi kwa binti zake. Sargento auzwe leo, kwa hela hiyo anunuliwe dume mgeni kwenye mnada huu huu. Asipouzwa, mwakani zizi halitazaa kitu.

Kulia kwake alikaa Hilario, kaka wa mkewe. Tunamwita Daktari kwa sababu zamani daktari wa mifugo alipomchoma sindano ng'ombe, yeye ndiye aliyeshika mkia. Kushoto alikaa Redio, ambaye kila habari anaijua kabla haijatokea. Na juu ya kreti langu la limau, bila kuomba, alikaa Bi Casimira, mama mzazi wa Daktari na mama mkwe wa Fortunato, akisokota uzi wake kama kawaida.

— Huo ni ugonjwa wa furaha, Daktari akaanza. Ushindi ukimwingia mnyama ghafla, damu yote inapanda kichwani. Nywele za ubavuni zinakosa chakula, zinadondoka.

— Shemeji, Fortunato akasema, nakuuliza kwa heshima zote. Haya mambo umesomea wapi?

— Sijasomea. Nina uzoefu.

— Wa mkia, nikamsaidia.

— Acheni utoto nyie, Redio akadakia. Mmemwona yule mgeni mrefu, mwenye miwani myeusi? Tangu asubuhi anazungukazunguka mabanda. Wale jamaa hawanunui mnyama. Wanachukua unyoya, wanautia kwenye chupa na maji ya sukari, baada ya miezi michache wana Sargento mzima. Wana Sargento mia! Wanafanana mpaka kikohozi.

— Kwenye chupa atatokaje? Bi Casimira akauliza.

— Wanaivunja, mama.

— Hasara ya chupa, Bi Casimira akasema, akatema. Ni mlima huo. Mkwe wangu leo alfajiri alipoimwagia ardhi pombe ya chicha, nilimwona. Ardhi ilipata tone, yeye akajimiminia bakuli. Mlima umekuja kuchukua fungu lake.

— Mama, Fortunato akasema kwa unyonge, sufu imekatwa. Mikato imenyooka, ngazi ngazi. Mlima una mkasi?

Kila mmoja akapiga funda. Nikadhani akili zimewarudia.

— Basi ni setilaiti, Redio akasema. Zile zina mionzi inayokata kuliko mkasi.

— Mbona haikukata blanketi?

— Inapita katikati ya nyuzi, we mzee! Mambo ya kisasa hayo.

— Hapana, Daktari akasema, na alikuwa ameshasimama. Hapana! Nimepata. Jaji alisifia ubavu wa kushoto. Wa kulia hakuugusa. Sasa mnyama ana shingo ndefu, anasikia kila kitu. Ubavu wa kulia umeona wivu, umemtuma mwenyewe ageuke, ajing'ate wa kushoto.

— Mionzi!

— Wivu!

Nimeuza emoliente hapa tangu mwanangu wa kwanza ananyonya, na sijapata kusikia akili ya benchi ikishuka kiasi hicho. Nikawaambia wamtafute mwenye mkasi kabla mnada haujafunguliwa. Daktari, ambaye akikasirishwa lazima atafune majani ya koka, akachomoa kijaluba chake mfukoni, akakifungua kwa pupa. Kabla ya majani, kikatoka kishungi cha sufu. Nyeupe, laini, yenye mawimbi. Kikatua benchini.

— Hiyo nini, shemeji?

— Dawa.

— Ya nini?

— Sasa Fortunato, usinitazame hivyo. Mimi ni mjomba wa watoto wako. Bingwa akitoka zizini bila kuacha sufu, bahati ya ukoo mzima inamfuata mnunuzi. Nani hajui? Nimechukua kidogo tu.

— Na mwili mzima huo, ukapaona pale tu?

— Ulitaka nikate mkiani? Jaji mwenyewe katuonyesha palipo bora!

Redio, bila kuulizwa, akavua kofia. Kishungi kingine kilikuwa kimelala juu ya nywele zake.

— Mimi nina alpaka mmoja, akasema, na huyo mmoja ana chongo. Msininyime.

Wote tukamgeukia Bi Casimira. Uzi aliokuwa akisokota muda wote ule ulikuwa mweupe pee.

— Mnanitazama nini? Mimi nilikata vizuri. Hawa waliokuja nyuma ndio walioharibu.

Nikamgeukia Fortunato nimpe pole, nikaona kashika mfuko wa shati.

— Hata wewe?

— Mimi mwenye mnyama, Mama Satu! Mimi ndiye ninayetakiwa kukata. Kidogo tu.

Hapo akafika mwanamke mgeni, kamba mpya imening'inia begani, akaomba glasi. Akajitaja: Leocadia Huarca, mfugaji wa ng'ambo ya mlima. Benchi lote likakaa wima.

— Nimetoka kumwona yule Sargento, akasema. Nimemfunua.

Fortunato akafumba macho.

— Mama, ule upara...

— Sufu inaota, baba. Meno yake mazuri, miguu imesimama, na ubavu wa pili ni mali. Namtaka.

Akapuliza glasi yake. Ndipo akaviona vishungi, kimoja benchini, kimoja kichwani kwa Redio, uzi mkononi kwa Bi Casimira.

— Kumbe ni nyinyi. Sawa, hata kwetu mwenye mnyama anakata, ili bahati ya zizi isiondoke. Anakata mara moja. Nyinyi mmevuna. Bahati ya kwenu mmebaki nayo, na ya kwangu mmebaki nayo. Sasa mimi nampeleka nyumbani na nini?

Watu wa setilaiti wakainamia glasi zao. Kipaza sauti kikaita Sargento aletwe. Fortunato akainuka, akatoa kishungi chake, akakitazama.

— Mama yake alikufa kwenye theluji, akasema. Nilimlea jikoni kwa chupa. Mimi sikukata kwa ajili ya bahati, dada. Nilitaka tu nibaki na kitu cha kushika.

Akakiweka kiganjani mwa Leocadia, akaenda kumchukua mnyama, akipangusa pua kwa mkono wa sweta. Mimi si mtu wa machozi, ila limau lilinishinda kukamua.

Redio akatoa chake. Daktari akatoa chake. Bi Casimira akakata uzi, akautoa akinung'unika kwamba kazi ya kusokota hailipwi. Leocadia akavifunga vyote katika pembe ya shali, kisha akasita, kamba ikiwa bado begani.

— Mkasi umepita mara tano, akasema. Nimepapasa kwa kidole. Hapa viko vinne. Cha tano nani anacho?

Daktari akamtazama Redio. Redio akamtazama Daktari. Bi Casimira akakung'uta sketi zake zote. Kipaza sauti kikaita mara ya pili, na kule langoni nikamwona Fortunato akiwa na Sargento wake, anageuka kutazama kama mama huyu anakuja.

Nikamjazia Leocadia glasi ya pili, nikampa kwa mikono miwili, chini yake nimebana kitu laini kutoka mfuko wa aproni yangu. Alikihisi. Akanitazama, akanywa yote kwa mkupuo, akaenda mnadani akiwa ameshainua mkono.

— Lakini jamani, Redio akasema, cha tano kilikuwa cha nani?

— Swali zuri hilo, Daktari akasema, akasogea kwenye benchi. Mama Satu, tujazie, tulifikirie.

Nikafunika sufuria, ingawa ilikuwa imejaa nusu, nikawaambia emoliente imekwisha.